Babu Ndani ya Mchezo wa Mtoto: Hiari na Furaha katika Dak Ghar ya Rabindranath Tagore

Makala haya yanaichunguza Dak Ghar, yaani Posta, tamthilia fupi ambayo Rabindranath Tagore aliiandika kwa Kibengali mwaka 1911 na ambayo ilichapishwa mwaka uliofuata. Uchunguzi wenyewe unaegemea mhusika mmoja ambaye wahakiki wengi wamezoea kumtaja na kumpita. Huyu ni mzee aitwaye Thakurda, neno ambalo kwa Kibengali lina maana ya babu mzaa baba na ambalo pia hutumiwa kumwita kwa heshima mzee yeyote. Mzee huyu hana udugu na mtoto mgonjwa anayemtembelea, halipwi, wala hakutumwa na mtu. Anaingia katika mchezo wa mtoto kwa hiari yake na kukaa humo hadi pazia linapofungwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tamthilia nzima imejengwa juu ya kitendo hicho, na kwamba msomaji anayeiona kazi hii kuwa istiara ya roho inayomwendea Muumba wake, asikitie maanani kitendo hicho, huwa ameisoma nusu.

Kisa chenyewe si kirefu. Amal, mtoto yatima, amechukuliwa na Madhav, mtu mwenye mali asiyekuwa na mwana. Tabibu anaamuru mtoto afungiwe ndani, asiguswe na jua wala upepo wa msimu. Amal anaketi dirishani akawa anazungumza na wapitao njiani: mwuza mtindi, mlinzi apigaye upatu wa saa, Mkuu wa Kijiji, Sudha ambaye ni binti wa mwuza maua, na kundi la wavulana. Anapata habari kwamba jengo jipya lililo mkabala na nyumba yao ni posta ya Mfalme, na tangu hapo anangoja barua kutoka kwa Mfalme mwenyewe. Thakurda anakuja akiwa amevaa mavazi ya fakiri, yaani mtawa mzururaji, na kumsimulia habari za nchi alizozitembelea. Mkuu wa Kijiji analeta karatasi tupu kwa kejeli na kudai kuwa ndiyo barua. Kisha tarishi wa Mfalme anabisha, Tabibu wa Mfalme anaingia na kuamuru milango na madirisha yote yafunguliwe, na mtoto analala.

Usomaji uliotawala tangu mwanzo ni ule wa kiroho. Tamthilia ilionyeshwa na Abbey Theatre ya Dublin mwaka 1913, ikapelekwa London mwaka huohuo, na tafsiri ya Kiingereza ya Devabrata Mukerjea ikatolewa mwaka 1914 ikiwa na dibaji ya W. B. Yeats, ambaye aliuona mwisho wa kisa kuwa ni ukombozi wa nafsi. Wengine wameongeza ushahidi wa maisha ya mtunzi: kufiwa na mkewe mwaka 1902, binti yake mwaka 1903, baba yake mwaka 1905, na mwanawe wa mwisho, Samindranath, mwaka 1907. Ushahidi huo ni wa kweli na uzito wake haukanushiki. Tatizo ni kwamba usomaji wa aina hii huwageuza wahusika wote kuwa taashira kabla hawajapata nafasi ya kuwa watu. Mfalme anakuwa Mungu, barua inakuwa mauti, posta inakuwa ulimwengu. Thakurda naye anakuwa nini? Aghalabu huitwa mwenye hekima, na hapo mjadala juu yake hukomea. Wala mhusika huyu hakuzuka katika tamthilia hii. Katika Sharadotsav ya mwaka 1908 mzee wa jina hilohilo yumo miongoni mwa wavulana, akisherehekea nao msimu, na katika Raja ya mwaka 1910 anarejea tena. Mtunzi anayemrudia mhusika mmoja katika kazi tatu zilizofuatana kwa karibu namna hiyo hakumweka pale kujaza jukwaa.

Kiswahili kina faida moja hapa ambayo lugha kadhaa hazina. Neno mchezo hubeba yale yafanywayo na watoto uani na yale yafanywayo na waigizaji jukwaani. Ingawa wataalamu wamelipendelea neno tamthilia kwa maandishi, msemaji wa kawaida hatofautishi. Johan Huizinga, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu binadamu kama kiumbe mchezaji, aliiweka hiari kuwa sifa ya kwanza ya mchezo: mchezo ulioamrishwa haubaki kuwa mchezo. Lev Vygotsky, katika mhadhara alioutoa mwaka 1933, aliongeza jambo linaloonekana kupingana na hilo, nalo ni kwamba mtoto achezaye hujitia katika kanuni kali kuliko zile za maisha yake ya kila siku. Mfano wake ni wa watoto wawili, ndugu wa kike, wanaocheza mchezo wa kuwa ndugu. Siku zote wao ni ndugu bila kufikiri. Wakicheza, wanalazimika kutenda kila jambo kama ndugu watendavyo. Hiari na kanuni, basi, havitengani. Anayejiunga na mchezo kwa ridhaa yake amekubali pia kutawaliwa nao.

Ni kwa kipimo hiki ambapo kitendo cha Thakurda kinapata uzito. Mwanzoni mwa tamthilia Madhav anamwogopa mzee huyu kwa sababu ana sifa mbaya kijijini ya kuwatoa watoto nje ya nyumba. Anapokuja akiwa fakiri, Madhav anamtambua mara moja na kushtuka. Thakurda hampi nafasi ya kulitamka jina lake halisi. Anashikilia kwamba yeye ni fakiri, na kuanza kumweleza Amal habari za Kisiwa cha Kasuku, kama tafsiri ya Kiingereza inavyokiita, chenye milima, ndege wa kijani na maporomoko ya maji. Madhav anabaki nje akinung'unika. Jukwaani, kwa hiyo, pana watu wazima wawili mbele ya mtoto mmoja: mmoja ameingia mchezoni, mwingine amesimama kizingitini akihesabu hatari.

Hata hivyo mahali penye utajiri zaidi si pale mzee anaposimulia. Ni pale anaponyamaza. Katika sehemu ya pili Amal amezidi kudhoofika na hawezi tena kuketi dirishani, lakini ni yeye sasa anayesema. Anamweleza fakiri jinsi anavyomwona mpeleka barua wa Mfalme akiteremka mlimani peke yake, taa mkononi na mfuko wa barua mgongoni, mchana na usiku, akiufuata mto na kupita katikati ya mashamba. Thakurda anamjibu kwamba macho yake ni ya kizee, ila kwa maneno ya mtoto yeye pia anayaona hayo yote. Jibu hili huweza kuchukuliwa kama adabu ya mtu mzima anayemliwaza mgonjwa. Mtiririko wa mazungumzo haukubali tafsiri hiyo. Tangu hapo mzee haongezi nchi mpya. Anauliza, anathibitisha, anafuata. Aliyekuja kama msimulizi amekuwa hadhira. Furaha yake ni ya mtu aliyeonyeshwa kitu, na hakuna ishara yoyote katika matini kwamba anajipongeza kwa wema.

Jambo hilo linatokea pia, kwa kiwango kidogo, kwa wapita njia. Mwuza mtindi anasimama kwa haraka na hasira kidogo, kwa kuwa mtoto asiyenunua anampotezea wakati. Amal anaomba afundishwe mlio wa kuuzia mtindi ili siku moja autembeze kijiji hadi kijiji. Kabla hajaondoka, mchuuzi amempa mtindi bila malipo na kukiri kwamba mtoto amemfundisha namna ya kuifurahia kazi yake mwenyewe. Mtindi ni uleule na njia ni ileile.

Mkuu wa Kijiji ndiye mtihani wa hoja hii, kwa sababu yeye pia anaigiza. Amekasirishwa na habari kwamba mtoto wa nyumba ya Madhav anatarajia barua ya Mfalme, na anaona ni majivuno ya tajiri aliyejisahau. Anachukua karatasi isiyo na neno na kuisoma kana kwamba ni barua: Mfalme atakuja, na atayarishiwe bisi za mchele kwa kuwa vyakula vya kasri vimemchosha. Kwa umbo, tendo hili halitofautiani na la Thakurda. Wote wawili wanatamka yasiyokuwapo mbele ya mtoto anayeyaamini. Mhakiki wa maadili atasema kwamba mmoja ana nia njema na mwingine ana nia mbaya, na atakuwa amesema kweli iliyo rahisi mno. Tofauti inayoonekana jukwaani ni ya mahali aliposimama msemaji. Mkuu wa Kijiji yuko nje ya mchezo. Anaigiza mbele ya Amal, lakini kicheko chake kinapita juu ya kichwa cha mtoto kwenda kwa watu wazima waliomo chumbani. Kiswahili humwita mtu wa namna hii kuwa anajitia: anajitia kucheza, anajitia kupenda. Kujitolea ni kitenzi kingine. Humo nafsi inatolewa, na aliyejitoa hana tena mahali pa nje pa kusimama na kucheka.

Thakurda anafanya nini na karatasi ile? Haifichui. Kufichua kungekuwa ukweli, na pengine Madhav angeshukuru. Anaipokea, anatamka kwamba yeye fakiri anaiona barua hiyo kuwa ya kweli, na kwamba imeandikwa kuwa Mfalme anakuja pamoja na tabibu wake. Karatasi ya kejeli inageuka kuwa hati halali ya mchezo. Muda mfupi baadaye tarishi anabisha mlangoni. Tagore hatoi maelezo ya jukwaani yanayoonyesha kwamba tarishi na Tabibu wa Mfalme ni ndoto ya mtoto. Mkuu wa Kijiji mwenyewe anawaona, anashangaa, na anabaki chumbani kwa sababu tu Amal amemwombea kama rafiki aliyemletea barua. Hapa ndipo penye siri ya utunzi huu. Mtunzi ametenda lile alilolitenda mhusika wake. Angeweza kuiacha karatasi tupu iwe tupu na kutupatia tamthilia ya uhalisia kuhusu ukatili wa wakubwa. Badala yake naye ameingia mchezoni, na ulimwengu wa tamthilia umelazimika kutii kanuni ya mtoto.

Kazi hii haikosi udhaifu, na si haki kuufunika kwa heshima ya jina la mtunzi. Amal anachezea umaskini wa wengine. Anatamani kuchuuza, kukesha, hata kuombaomba, kwa kuwa hayo yote hufanywa nje, na nje ndiko alikokatazwa. Shauku hiyo inaeleweka kwa mtoto mfungwa, ila tamthilia yenyewe haina sauti ya kutosha ya kumjibu. Chidam, ombaomba kipofu anayekokotwa kwenye kigari, anatajwa na Amal kama rafiki ambaye amemsimulia hadithi za fakiri, lakini haonekani kwenye jukwaa kusema kama hadithi zile zilimshibisha. Sudha ndiye pekee anayegusa jambo hili. Hawezi kukaa kucheza kwa sababu anakwenda kuchuma maua ya kuuza, na anasema hivyo waziwazi. Wavulana wana wakati wa kucheza askari mbele ya dirisha, tena kwa vitu vya kuchezea ambavyo Amal amewapa. Msichana ana kazi. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye amewaona mabinti wadogo wakiuza karanga na maembe kando ya barabara saa za shule, hataipita tofauti hiyo kimya.

Suala la tafsiri nalo lina mchango wake katika kumfifisha Thakurda. Tafsiri ya Mukerjea inamwita Gaffer, neno la Kiingereza cha mashambani kwa mzee wa kiume. Msikilizaji wa leo wa Kiingereza haisikii humo nasaba ya babu na mjukuu. Mfasiri wa Kiswahili hahitaji kuhangaika. Neno Babu linatosha, na linaleta pamoja nalo desturi nzima. Katika jamii nyingi za pwani na za bara, babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, akamlalamikia mbele ya watu kwamba chakula kimechelewa. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu na kumdai kanga ya sikukuu. Mtoto wa miaka minne huzijua kanuni za mchezo huu na hukasirika mkubwa akizivunja. Mzazi hana ruhusa hiyo. Kati ya mzazi na mtoto pana malezi, adhabu na urithi. Kwa babu pana nafasi. Tamthilia ya Tagore imegawanya majukumu kwa namna hiyohiyo. Madhav anamlea Amal, anamlipia tabibu, na anakiri kwamba tangu mtoto aje hata kuchuma mali kumekuwa raha kwake, kwa sababu sasa kuna wa kumchumia. Upendo wake ni wa kweli, lakini ni upendo unaofunga madirisha. Hata Tabibu wa Mfalme anapokuja, Madhav anamnong'oneza mtoto amwombe Mfalme zawadi ya maana. Amal anajibu kwamba ataomba kufanywa mmoja wa wapeleka barua. Mlezi amesimama ndani ya chumba kilekile na bado hajauona mchezo.

Swali hili si la Bengali ya mwaka 1911 pekee. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unautambua mchezo kuwa haki katika kifungu chake cha 31. Haki haina masharti ya faida. Lakini katika uhakiki wa fasihi ya watoto kwa Kiswahili, mchezo huruhusiwa kuingia mlangoni ukiwa umeshika cheti cha adili: unafunza ushirikiano, unakuza lugha, unaandaa raia. Mhakiki asipopata funzo huona kazi haijakamilika. Mtazamo huohuo huwafuata wageni wanaojitolea kwenye makao ya watoto na wodi za hospitali. Watoto hupangwa mistari, huimba wimbo wa kukaribisha, huigiza shairi kuhusu yatima, na mgeni hufurahi. Ametoa muda wake, pengine na magunia ya unga, na hakuna haja ya kuidharau hisani hiyo. Ila katika tukio la namna hii ni mtoto aliyefanyishwa kazi ya mchezo kwa ajili ya furaha ya mtu mzima, na mchezo ulioamrishwa, kwa kipimo cha Huizinga, umekwisha kufa. Thakurda hakuimbiwa wimbo. Alivaa kanzu ya fakiri na kuulizwa maswali.

Uzito wa kitendo hicho ulipimwa vikali zaidi mjini Warsaw. Tarehe 18 Julai 1942, katika geto ambamo Wayahudi walikuwa wamefungiwa na Wajerumani, watoto wa makao ya yatima yaliyoongozwa na Janusz Korczak waliionyesha tamthilia hii. Korczak, daktari wa watoto na mwandishi, aliyekuwa ameyasimamia makao hayo tangu mwaka 1912, ndiye aliyeichagua. Estera Winogron, msaidizi wake kijana, ndiye aliyewaongoza watoto katika mazoezi. Siku nne baadaye, tarehe 22 Julai, Wajerumani walianza kuwasafirisha watu wa geto kwenda Treblinka, na mapema mwezi Agosti zamu ya makao hayo ilifika. Korczak alikataa nafasi za kujiokoa akafuatana na watoto, kama alivyofanya Stefania Wilczyńska, mwenzake wa miaka mingi. Wote waliuawa.

Onyesho hilo hutajwa mara nyingi kuwa maandalizi ya mauti, na inasimuliwa kwamba Korczak mwenyewe alitoa sababu ya aina hiyo. Simulizi hiyo haina haja ya kukataliwa. Inafaa tu kuangaliwa kwamba inaisoma siku ya 18 Julai kwa nuru ya Agosti, na kwamba inawaacha watoto katika nafasi ileile waliyopewa na istiara: wanafunzi wa somo moja kubwa. Tamthilia haiwezi kuonyeshwa bila mazoezi. Kwa siku kadhaa, ndani ya jengo lenye njaa na maradhi, mtoto mmoja alikuwa mwuza mtindi mwenye kujifunza tena sauti ya biashara yake, mwingine alikuwa mlinzi mwenye upatu, mwingine alichelewa makusudi kwa sababu ana maua ya kuchuma. Mtu mzima alikaa nao akiwasahihisha hatua na maneno. Kinachojulikana juu ya siku hizo ni kidogo, lakini asili ya kazi yenyewe inajulikana kwa yeyote aliyewahi kufanya mazoezi na watoto: hubishana juu ya nafasi, hucheka mahali pasipostahili, hukasirika mkubwa akisahau kwamba sanduku lile si sanduku tena. Estera Winogron naye alichukuliwa na kuuawa katika kiangazi hichohicho.

Yeyote atakayeiweka Dak Ghar jukwaani leo atakabiliwa na uamuzi mmoja kuhusu Babu katika dakika za mwisho. Tabibu wa Mfalme ameketi karibu na mto wa mtoto na kuagiza taa izimwe ili nuru ya nyota iingie. Madhav anaingiwa na hofu; anamwuliza Babu kwa nini amesimama kimya kama sanamu, mikono ameikunja, na kwa nini chumba kinatiwa giza. Anajibiwa kwa ukali kwamba anyamaze, yeye asiyeamini. Waongozaji wanaoifuata istiara humtaka mwigizaji aseme maneno hayo kama kuhani. Matini yanaruhusu namna nyingine: sauti ya mchezaji anayemzuia mtu wa nje asiharibu zamu ya mwenzake. Mavazi ya fakiri bado yako mwilini mwake. Hakuna mahali popote ambapo Tagore amemwambia ayavue. Baada ya hapo Sudha anaingia na maua aliyoahidi, amechelewa kwa sababu ya kazi, na Babu hasemi neno jingine.